Chemchemi za Moto za Yellowstone na Mikono ya Wageni

Katika nyanda za juu za magharibi ya Marekani, mahali ambapo majimbo ya Wyoming, Montana na Idaho yanapakana, ipo Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone. Ilianzishwa kwa sheria tarehe 1 Machi, 1872, nayo huhesabiwa na wengi kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 8,980. Nyati, dubu, maporomoko na misitu yake huvuta watu wengi, lakini sifa yake kubwa hutokana na maji ya moto yabubujikayo ardhini katika mahali zaidi ya 10,000. Mwaka 2021 wageni walioingia humo walizidi milioni 4.8. Umati wa namna hiyo umewaletea wataalamu suala zito: je, chemchemi yaweza kuharibiwa na watu wale wale waipendao?

Maji hurukaje?

Chini ya Yellowstone imo volkano kubwa. Mlipuko wake mkuu wa mwisho ulitokea yapata miaka 640,000 iliyopita, nao uliacha bonde la kasoko lenye urefu wa kilometa 70 hivi na upana wa kilometa 45 hivi. Moto uliobakia chini ya bonde hilo ndio upashao joto miamba iliyo juu yake. Maji ya mvua na theluji hupenya katika nyufa za miamba, hushuka mpaka yakutane na joto hilo, kisha huanza kupanda tena. Msomaji aliyepata kuona chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ameona jambo la ukoo huo huo.

Maji yaliyo chini kabisa hulemewa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwa hiyo hayachemki hata joto lake lipitapo sentigredi 100. Aidha, maji hayo huyeyusha madini ya silika kutoka katika miamba na kuyagandisha kwenye kuta za mfereji, hata mfereji ukawa imara na mwembamba. Mvuke ukianza kutokea, husukuma nje maji kidogo ya juu. Hapo uzito hupungua ghafla, na maji ya chini hugeuka mvuke kwa mara moja na kurusha juu kila kilichomo njiani. Hivyo ndivyo chemchemi iitwayo Old Faithful irushavyo maji yake kufikia kimo cha kati ya meta 32 na 56, na siku hizi hufanya hivyo kila baada ya dakika 90 hivi.

Mahali ambapo mfereji ni mpana, maji hayaruki. Hupanda, hupoa kidogo, hushuka tena, na kufanya dimbwi lililo shwari. Lakini dimbwi na chemchemi irukayo vyote viwili hutegemea sharti moja: njia ya maji ibaki wazi.

Sarafu na leso

Sharti hilo limevunjwa mara nyingi. Zamani lilikuwako dimbwi dogo lililoitwa Handkerchief Pool. Wageni walitia leso zao ndani yake, zikavutwa chini, na baada ya muda zikarudi juu zimeoshwa. Mchezo huo uliwafurahisha watu wengi mpaka miaka ya 1920, wakati dimbwi lilipozibwa na vitu lilivyosokomezewa, likaacha kufanya kazi.

Mkasa wa dimbwi la Morning Glory unajulikana zaidi. Dimbwi hili lilipewa jina la ua lenye umbo la tarumbeta, kwa sababu ya sura yake na rangi yake ya buluu safi. Barabara kuu ilipita karibu nalo mpaka mwaka 1971, na wapitao walitupa humo sarafu kama dua ya bahati njema. Mwaka 1950 wahifadhi walipunguza maji yake kwa makusudi ili liruke na kujisafisha. Likatapika sarafu nyingi, chupa, makopo, soksi, taulo na leso kwa makumi.

Takataka hizo huzuia maji ya moto yapandayo kutoka chini. Dimbwi likipoa, bakteria wa rangi ya manjano na ya machungwa, ambao hawawezi kuvumilia joto la katikati, husogea ndani kutoka ukingoni. Ndiyo sababu Morning Glory leo lina mzunguko wa manjano na kijani mahali palipokuwa na buluu.

Si kila badiliko ni kosa la wageni. Tetemeko la ardhi la tarehe 17 Agosti, 1959, lilivuruga mamia ya chemchemi kwa usiku mmoja. Hata hivyo, tetemeko halitupi makopo. Mwezi wa Septemba, 2018, chemchemi iitwayo Ear Spring iliruka kwa nguvu isiyo ya kawaida, ikatema sarafu, vipande vya plastiki, na chuchu ya bandia ya mtoto mchanga iliyodhaniwa kuwa ya miaka ya 1930.

Viumbe wa majini humo

Hasara yaweza kuwa kubwa kuliko kupotea kwa rangi nzuri. Mwaka 1966 mtaalamu Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze, walipata katika dimbwi la Mushroom Pool bakteria astawiye katika joto la sentigredi 70 hivi. Mwaka 1969 walimtangaza kwa jina la Thermus aquaticus. Wakati huo hakuwa na faida yoyote iliyojulikana.

Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kunakili DNA, yaani kemikali ibebayo urithi wa viumbe, mara mamilioni. Kazi hiyo yahitaji kupasha joto la sentigredi 95 hivi, tena na tena, na kila mara kimeng'enya kilichotumika kiliharibika, ikabidi kiongezwe kingine. Kimeng'enya cha bakteria wa Yellowstone hakikuharibika. Mullis alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na njia hiyo sasa hutumika kutambua virusi vya ukimwi kwa watoto wachanga, na ilitumika sana katika kupima Uviko kuanzia mwaka 2020.

Kwa hiyo wageni wa Yellowstone hutakiwa kufuata njia za mbao, wala wasitupe kitu majini. Agizo hilo huwalinda wao wenyewe, kwani ukoko wa ardhi pale ni mwembamba na zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua. Vile vile hulinda madimbwi mengi ambayo viumbe wake bado hawajachunguzwa.