Geji ya Mafuta Isikudanganye

Leo tuliweke jembe kando kidogo, tuzungumze juu ya chombo kinachobeba jasho lako kulipeleka sokoni: ile pikapu yako ya zamani.

Wewe uliye Mkiwa unaijua njia panda yako. Barabara moja yatoka Manyoni kwenda Singida mjini. Nyingine inachepuka kwenda Itigi, Rungwa, mpaka Makongolosi upande wa Mbeya. Ukiisha ipita Itigi ni pori mwendo mrefu, na vituo vya mafuta viko mbalimbali. Tuseme unarudi kutoka huko na magunia ya alizeti na madebe ya asali. Geji inaonyesha nusu tanki. Mara injini inakohoa, inazima. Unagonga tanki, linalia tupu! Jua linazama, na mgonjwa uliyempa lifti amelala juu ya magunia. Hapo injini haina kosa. Umedanganywa na mshale.

Wengi wakifika hapo husema, "Geji imekufa, ninunue nyingine." Ngoja kwanza. Usitoe fedha kabla hujajua ugonjwa uko wapi.

Geji inafanyaje kazi? Ndani ya tanki kuna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda, boya linapanda. Yakishuka, nalo linashuka. Ule mkono unasugua juu ya waya mwembamba uliozungushwa, ambao unauzuia umeme. Katika pikapu nyingi za zamani za Kijapani na za Kiingereza, tanki likijaa kizuizi huwa kidogo, umeme unapita kwa wingi, na mshale unapanda. Tanki likiisha kizuizi huwa kikubwa, na mshale unalala. Umeme ukishapita hapo unarudi kwenye betri kwa njia ya chuma cha tanki na bodi ya gari.

Basi mambo ya kuchunguza ni matatu: geji yenyewe kwenye dashibodi, waya unaokwenda nyuma, na boya pamoja na chuma kinachorudisha umeme.

Anza na yale yasiyo na gharama. Simamisha gari mahali tambarare, washa swichi, ungoje nusu dakika. Mshale wa geji nyingi za zamani husukumwa na joto la umeme, kwa hiyo hupanda polepole, usiuhukumu mapema. Kisha itazame geji ya joto la maji. Ikiwa nayo imelala au inasema uongo, angalia fyuzi, na kile kifaa kidogo kinachosawazisha umeme wa geji zote mbili. Hapo tanki halina kosa.

Ikiwa geji ya mafuta peke yake ndiyo mbovu, nenda nyuma kwenye tanki. Lakini sikiliza vizuri: usivute sigara, usiwashe kiberiti wala koroboi, na usifanye kazi hii kama tanki linavuja au halina kifuniko. Zima swichi kabla ya kugusa waya wowote. Kama nyaya zinazotoka kwenye boya ni zaidi ya moja na hujui upi ni wa geji, usibahatishe. Mwite fundi wa umeme.

Jaribio la kwanza: chomoa waya wa geji, uache ukining'inia bila kugusa chuma, kisha washa swichi. Mshale unatakiwa ulale kabisa. Ukibaki juu, yawezekana waya umechubuka njiani na unagusa bodi, au geji yenyewe imekwama.

Jaribio la pili: zima swichi. Unganisha ule waya na chuma safi cha bodi, mbali na tanki, ukipitishia kwenye balbu ndogo ya dashibodi ili geji isiungue. Sasa washa. Mshale ukipanda kuelekea kwenye kujaa, geji na waya ni vizima. Ubovu uko kwenye tanki. Usipopanda, waya umekatika, au geji haipati umeme, au imekufa kweli.

Jaribio la tatu ndilo linalosahauliwa. Zima swichi, rudisha waya mahali pake, kisha funga kipande kingine cha waya toka kwenye chuma cha tanki mpaka kwenye bolti safi ya bodi. Washa. Mshale ukikaa sawa, ugonjwa ulikuwa kutu, tope au rangi iliyoziba njia ya umeme kurudi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, upake grisi. Kazi imekwisha, na geji mpya hukununua!

Kama bado, basi boya lenyewe ndilo la kutolewa. Ondoa kwanza waya wa betri. Mafuta usiyanyonye kwa mdomo, kwani yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Likitoka, litikise. Ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka na limezama, ndiyo maana geji inasema tupu siku zote. Usilichomelee, tafuta jingine. Hata tanki usilichomelee ovyo ukidhani limekauka, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka kama baruti. Mshale unaorukaruka, mara nyingi ni ule waya wa kwenye boya uliolika. Unaoganda mahali pamoja, huenda mkono umepinda au tanki limebonyea.

Sasa kumbuka tofauti hii. Kutu na waya uliokatika huifanya geji ionyeshe mafuta machache kuliko yaliyomo. Hiyo ni hasara ndogo, utajaza mapema tu. Lakini waya unaogusa bodi, au boya lililokwama juu, huonyesha mafuta yasiyokuwapo. Huo ndio uongo wa kulaza watu porini. Geji inayokaa juu siku mbili tatu huku unatembea, usiifurahie. Ishuku.

Mpaka itakapotengenezwa, tumia daftari. Jaza tanki, andika kilometa. Tembea kazi zako za kawaida, jaza tena, gawanya. Tuseme ulitembea kilometa 160, ukajaza lita 20: basi gari lako linakwenda kilometa 8 kwa lita moja. Tanki la lita 50 litakupeleka kilometa 400; lakini acha lita 10 za akiba, uhesabu 320. Ukiwa na mzigo mzito au barabara ni mchanga na tope, punguza tena.

Ndugu mkulima, mshale huo usiuachie peke yake kukupitisha porini. Uchunguze leo nyumbani, mchana, kabla hujapakia mzigo. Safari njema.