Vijiwe vya Tezi za Mate: Uvimbe Unaofuata Mlo

Mkazi wa Miembeni, katika Manispaa ya Bukoba, hahitaji kufundishwa kwamba embe bichi lenye chumvi hujaza mate kinywani hata kabla ya kung'atwa. Kwa mtu mwenye kijiwe katika mrija wa mate, neema hiyo hugeuka kuwa adha: mate yanatengenezwa, njia imezibwa, na tezi hutuna chini ya taya kwa maumivu. Baada ya saa moja au mbili mate hujipenyeza na uvimbe hunywea, hadi mlo mwingine uurudishe. Dalili hiyo ndiyo huelekeza kwenye kijiwe badala ya jino bovu au matubwitubwi. Asiyeijua aweza kung'oa jino zima, au kutoa viuavijasumu mara kwa mara, huku chanzo kikibaki palepale.

Kijiwe kikikatwa katikati na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kina kiini kilichozungukwa na matabaka, mfano wa kitunguu. Sehemu kubwa ni fosfeti ya kalsiamu, hasa haidroksiapataiti, madini yaleyale yanayoimarisha mifupa na meno. Baina ya madini hayo mna protini, sukari, mafuta na mabaki ya seli. Vijiwe vingi havifikii milimita 10. Kilichomo mrijani huwa kirefu kama punje ya mchele. Kilichomo ndani ya tezi huwa cha mviringo.

Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate, lakini kati ya vijiwe 100, takribani 80 hadi 90 hutokea katika tezi ya chini ya taya. Mate yake ni mazito na yana kalsiamu nyingi zaidi. Tena mrija wake, ambao tabibu Mwingereza Thomas Wharton aliueleza mwaka 1656, una urefu wa sentimita 5 hivi, hupanda kwenda juu, na tundu lake chini ya ulimi ni jembamba. Mate huko hutembea polepole.

Mate yanapotuama, ute uliogandamana, seli zilizokufa, au bakteria waliopanda kutoka kinywani huweza kuwa kiini, na madini hujishikiza juu yake tabaka kwa tabaka kwa muda wa miaka. Kwa kawaida kiwango cha kalsiamu katika damu ya mgonjwa si cha juu. Hivyo hana sababu ya kuacha maziwa au dagaa. Hata maji ya chokaa hayana hatia: utafiti uliofanyika Uingereza haukuona uhusiano wake na vijiwe hivi. Linalofaa kuepukwa ni upungufu wa maji mwilini; dawa zinazokausha kinywa nazo zizungumzwe na daktari.

Mhudumu wa afya aweza kupapasa kwa mikono miwili: kidole kimoja chini ya ulimi, mkono mwingine chini ya taya, akianzia nyuma kuja mbele ili asikisukume kijiwe ndani. Eksirei husaidia, ila vijiwe vyenye madini machache havionekani. Hapo ultrasaundi hufaa.

Kijiwe kidogo huweza kutoka kwa kunywa maji mengi, kukanda tezi kuelekea mbele na kufyonza kitu kichachu, iwapo hakuna usaha wala homa. Kisipotoka, daktari wa kinywa au wa masikio, pua na koo hukitoa kupitia kinywani. Mara chache tezi yenyewe huondolewa. Rufaa huanzia hospitali ya mkoa iliyopo Bukoba na, ikibidi, huendelea hadi Bugando, Mwanza.

Homa, usaha, ulimi kuinuliwa na uvimbe, au ugumu wa kumeza na kupumua ni dharura: mgonjwa asingoje asubuhi. Na uvimbe usiouma, usionywea, unaozidi kukua, usidhaniwe kuwa kijiwe. Upimwe mapema, kwani waweza kuwa saratani.