Mtoto Akichelewa Kusema, Usingoje Afike Darasa la Kwanza

Wazazi wengi wa Kitale na Bungoma hugundua kwamba mtoto wao ana tatizo siku ile ya kumwandikisha shule. Mwalimu humwita jina, mtoto haitiki. Hupewa kalamu, vidole havishiki. Nyumbani jamaa walikwisha kumwambia mama avumilie, kwani hata babake alichelewa kusema. Majirani nao walinong'ona kuhusu laana ya ukoo. Kwa njia hii miaka mitano au sita hupotea, na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hujifunza upesi zaidi.

Huduma za kumpima mtoto wa aina hii zipo, na ni haki yake kisheria. Shida ni kwamba zimegawanywa baina ya ofisi mbalimbali, na mzazi asiyejua pa kuanzia huzungushwa hadi akakata tamaa.

Chanzo ni nini?

Sababu ni nyingi, na uchawi si mojawapo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kudhurika ubongo. Vivyo hivyo mtoto mchanga aliyepata umanjano mkali bila kutibiwa. Huyu huweza pia kuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo huharibu usikivu wa watoto wengi wanaopona.

Katika Kaunti ya Bungoma, ambako malaria ni ya kawaida, kuna hatari ya malaria inayopanda kichwani. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto waliopona malaria hiyo walibaki na upungufu wa kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kulazwa akiwa amezimia asihesabiwe kuwa amepona kabisa kwa sababu tu homa imeshuka. Mtazame anavyosema, anavyosikia na anavyotembea katika miezi inayofuata.

Mara nyingine, kama katika usonji, mzazi hana kosa lolote alilotenda.

Dalili za kuangalia

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki hakikuwekwa kwa ajili ya chanjo na uzani peke yake. Kina pia hatua za ukuaji. Mwone mhudumu wa afya iwapo mtoto hatabasamu afikapo miezi miwili, hakai bila kushikiliwa akiwa na miezi tisa, hatembei akiwa na mwaka mmoja na nusu, au haungi maneno mawili akiwa na miaka miwili. Aidha, usipuuze mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyekutazama usoni, au aliyeanza kupoteza maneno aliyokuwa akiyajua.

Masikio yanayotoka usaha ni jambo linalodharauliwa mno. Nimewahi kumwona msichana wa miaka tisa aliyerudia darasa la kwanza mara tatu. Shuleni alisemekana kuwa mzito wa akili. Akili yake ilikuwa timamu. Ni masikio yaliyokuwa yameharibika tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyekuwa ameyapima.

Nani ahusika na nini?

Zamani mzazi angeambiwa aende 'kanjo', yaani baraza la manispaa. Mabaraza hayo yalikwisha 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti ndiyo inayosimamia hospitali na zahanati zake pamoja na shule za chekechea. Shule za msingi, za upili na elimu maalum ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea: chekechea ni ya kaunti, lakini mtoto akifika darasa la kwanza hukabidhiwa Wizara ya Elimu.

Anzia hospitalini. Hospitali za rufaa za kaunti, Kitale na Bungoma, ndizo za kuendea endapo zahanati ya karibu haina mtaalamu. Huko mtoto hukaguliwa macho, masikio, viungo na kama ana kifafa. Baadhi ya matatizo hutibika au hupunguzwa kwa dawa, miwani, kifaa cha kusikia au mazoezi ya viungo.

Hatua ya pili ni kituo cha kupima mahitaji ya elimu. Vituo hivi vilianzishwa nchini 1984 kwa msaada wa Denmark, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitaka bodi ya elimu ya kila kaunti itoe huduma hiyo. Uliza katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo unakoishi. Anayeishi Kitale hana haja ya kurudi kwao Kimilili au Webuye ili mtoto apimwe. Chukua cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na karatasi zote za hospitali. Afisa atakuhoji, atampima mtoto, kisha ataandika ripoti inayopendekeza mahali panapomfaa. Omba nakala yako.

Si kila mtoto ahitaji shule maalum. Sera ya serikali ya 2018 inataka watoto wengi iwezekanavyo wasome katika shule za kawaida karibu na kwao, wakisaidiwa. Wengine hufaa katika kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida. Wapo pia wanaohitaji shule kama ile ya viziwi ya Kitale au ile ya walemavu wa viungo ya Nalondo, Bungoma. Mwalimu mkuu wa shule ya umma haruhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Akimkataa, rudi kwa mkurugenzi wa elimu ukiwa na ripoti mkononi.

Hatua ya tatu ni kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kukaguliwa na madaktari hospitalini. Familia zinazotunza mtu mwenye ulemavu mkubwa huweza kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa si kila anayeomba hupata.

Maafisa wa kupima ni wachache na safari hugharimu nauli. Huenda ukaambiwa urudi wiki ijayo. Rudi. Wakati unapongoja, zungumza na mtoto, mwimbie, mwache acheze na wenzake na ashiriki kazi ndogo ndogo za nyumbani. Usimfungie ndani.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto kiziwi anayefundishwa lugha ya ishara akiwa na miaka miwili atakuwa na lugha kamili. Akianza akiwa na miaka tisa, atakuwa akikimbiza wenzake maisha yake yote. Ikiwa unaye mtoto nyumbani anayekutia wasiwasi, mpeleke kliniki wiki hii.