Meli ya watalii isipotia nanga Mombasa, hasara hufika hadi Isiolo

MKAZI wa Isiolo anaweza kudhani kwamba mambo ya meli ni ya watu wa pwani. Mji huo uko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, katika nchi ya ngamia na wafugaji. Hata hivyo, meli ya kitalii inapoamua kuipita bandari ya Mombasa bila kutia nanga, pengo lake huweza kuonekana hadi kwenye malango ya mbuga za Buffalo Springs na Shaba.

Sababu ni kwamba baadhi ya wageni wa baharini hutaka kuona wanyama wa bara kabla ya kurejea kwao. Kandokando ya mto Ewaso Ng'iro kuna punda milia wa Grevy, twiga wa kaskazini wenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, choroa na swala twiga, wanyama ambao si rahisi kuwaona katika mbuga za kusini. Abiria ambaye meli yake inamalizia safari Mombasa ana nafasi ya kuruka hadi huko kwa ndege ndogo na kulala siku mbili tatu.

Mfano unaokumbukwa ni wa Novemba 5, 2005. Meli ya Seabourn Spirit, iliyokuwa imetoka Alexandria nchini Misri kuelekea Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Walikuja kwa mashua mbili ndogo, wakafyatua risasi na makombora. Nahodha aliongeza kasi, na walinzi wakatumia chombo cha kutoa sauti kali kuwafukuza. Baharia mmoja alijeruhiwa. Meli ilikuwa na zaidi ya watu 300, na badala ya kuja Mombasa ilielekezwa Ushelisheli. Katika miaka iliyofuata, hofu ya uharamia ilizifanya kampuni kadhaa kuiondoa Mombasa katika ratiba zao.

Si maharamia pekee wanaoweza kubadilisha safari. Upepo mkali, hitilafu ya mitambo, mgonjwa mahututi au mgomo bandarini huweza kuleta matokeo yayo hayo. Mahali pasipo na gati la kutosha, abiria hushushwa kwa mashua. Mawimbi yakizidi, kazi hiyo huahirishwa. Uamuzi wa mwisho wa usalama ni wa nahodha.

Nahodha akishaamua, kampuni humjulisha wakala wake bandarini. Wakala naye huarifu Halmashauri ya Bandari za Kenya (KPA), maafisa wa uhamiaji, forodha na afya. Rubani wa bandari na meli za kuvuta waliokuwa wamepangwa huondolewa, na gati likapewa chombo kingine.

Abiria hawezi kudai nauli yake kwa urahisi. Mikataba ya tiketi za meli hizi kwa kawaida huipa kampuni haki ya kubadilisha au kuruka bandari. Anachorudishiwa mara nyingi ni ada na kodi za bandari ambazo hazikulipwa, pamoja na fedha za matembezi aliyoyanunua melini. Lakini aliyejipangia safari ya bara mwenyewe kupitia wakala mwingine hutegemea masharti ya wakala huyo, au bima yake ikiwa inagharimia tukio la namna hiyo.

Hapo ndipo mzigo unapoangukia watu wa bara. Kambi ya wageni huenda imekwisha kununua vyakula na kuzuia vyumba ambavyo vingepewa wengine. Ikiwa ilichukua malipo ya awali, na mkataba ukaeleza kiasi kinachobaki endapo mgeni hatafika, hasara hupungua. Ikiwa ilitegemea ahadi tu, hubeba yote.

Walio chini zaidi hawana hata mkataba. Dereva anayelipwa kwa siku hukosa siku yake. Mama anayeuza shanga langoni hana wa kumdai. Ada ya kiingilio nayo hulipwa na anayeingia. Mgeni asipofika, serikali ya Kaunti ya Isiolo, inayosimamia Buffalo Springs na Shaba, haipati kitu.

Kwa hiyo wenye biashara wanapaswa kuuliza maswali matatu mapema: nani atalipa meli isipokuja, habari itawafikia kwa njia gani, na ni kiasi gani cha malipo ya awali kisichorudishwa. Ni busara pia kutotegemea soko moja. Wahenga walisema mipango si matumizi, na bahari haimwahidi mtu siku ya kufika.