Fahamu: Je, ni haki kununua mali ya rehani?

Friji ya mama lishe ipo dukani kwa mkopeshaji, bado inanuka samaki. Tuseme aliiweka rehani kwa shilingi 150,000, akashindwa kurejesha, na sasa inauzwa 350,000. Uinunue?

Ukiiacha, hairudi kwa mwenyewe, ataibeba mwingine. Kwa hiyo kununua si dhambi. Hoja nzito ni ile 200,000 iliyozidi: hata ukitoa riba, inakwenda kwa nani? Kwa baadhi ya wakopeshaji wa "kausha damu", yaani mikopo ya riba kubwa, mwenye mali haoni hata shilingi. Hiyo kwangu ni dhuluma, na mnunuzi anayekimbilia bei ya kutupa ndiye anayeinogesha biashara hiyo.

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, wapo wanaokopesha vichochoroni, mkataba ukiwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Kabla ya kutoa hela, ulizia leseni, mkataba na tarehe ya mwisho ya kukomboa. Dai risiti. Muuzaji aking'aka, ondoka: huenda mali ni ya wizi, na kupokea mali ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.