Kwa nini kinyama cha titi hupimwa zaidi ya mara moja

Msikilizaji wetu mmoja ametuandikia kwamba dada yake alitolewa kinyama kwenye uvimbe wa titi. Majibu yakasema ni saratani. Badala ya kuanza dawa, daktari akaagiza kinyama kile kile kipimwe tena. Familia imeshauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na vipimo. Anauliza: hapa hatuzungushwi?

Hamzungushwi. Na sababu yake inaanzia mbali kidogo, kwa watoto wa panya.

Katika miaka ya 1950, Mmarekani Stanley Cohen alikuwa akifanya kazi na Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi kutoka Italia, katika chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani. Walitafuta kitu kinachofanya mishipa ya fahamu ikue. Cohen alitengeneza dawa kutoka tezi za mate za panya na kuwachoma nayo panya wachanga. Mtoto wa panya huzaliwa macho yamefumba, na huyafumbua akiwa na siku 12 hadi 14. Hawa waliyafumbua siku ya 7 hivi, na meno yao yakawahi kuota. Mwingine angepuuza, maana si macho waliyokuwa wakiyatafuta. Cohen alifuatilia kwa miaka mpaka akakipata kilichofanya kazi hiyo: protini ndogo inayoamuru seli za ngozi ziongezeke. Ni moja ya vichocheo vya ukuaji. Mwaka 1986 yeye na Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel.

Kichocheo cha ukuaji ni kama mgeni anayepiga hodi. Kila seli ina milango yake, ambayo wataalamu huiita vipokezi. Hodi ikipigwa mlangoni, amri hupita hadi ndani: gawanyika, ziwe mbili. Ukijikata na jembe, kidonda hufunga kwa njia hiyo. Kikishapona, hodi hukoma na seli hutulia.

Kwenye saratani hazitulii. Kuna mlango mmoja uitwao HER2, ndugu wa ule unaopokea kichocheo cha Cohen. Seli ya kawaida ya titi ina milango hiyo michache. Lakini kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 kati ya 100 wa saratani ya titi, seli za uvimbe zina HER2 nyingi kupita kiasi, zimesongamana mpaka zinaamshana zenyewe bila mgeni yeyote. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema kuliko wengine.

Hapo ndipo ilipopatikana dawa ya kuushika mlango huo kwa nje, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa toleo lake la bei nafuu. Hata hivyo bado ni ghali, na inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kwanza. Asiye na HER2 nyingi akipewa dawa hii ya kawaida, atapoteza fedha na muda bila faida.

Kinyama hicho hicho hupimwa pia vipokezi vya homoni. Vikiwepo, mgonjwa anaweza kutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, ambavyo bei yake ni ya chini sana. Kwa kweli hili peke yake linatosha kuusubiri upimaji wa pili.

Wapo wanaokataa kutolewa kinyama wakiamini kwamba uvimbe ukiguswa saratani itasambaa. Tumelisikia hilo mara nyingi. Bila kinyama daktari hawezi kujua ni dawa ipi inafaa, na wakati familia inabishana, uvimbe unaendelea kukua.

Msikilizaji, majibu ya dada yakija, tafuteni palipoandikwa HER2. Mara nyingi huwa na namba. Sifuri au 1 maana yake si nyingi, na 3 ni nyingi. Ikiwa 2, jibu halijatosha, na ataombwa kipimo kimoja zaidi. Hapo pia hamtakuwa mnazungushwa.