Ndoo mlangoni, madirisha yamefungwa

Kila ugonjwa wa kuambukiza ukitajwa kwenye taarifa ya habari, maswali ya wazazi huanza kumiminika, na karibu yote yana mwaka 2020 ndani yake. Yalipozuka macho mekundu Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa 2024, watu waliuliza kama shule zitafungwa tena. Ilipokuja mpox miezi michache baadaye waliuliza vilevile, wakaongeza: je, mtoto afukizwe? Darasa lipuliziwe dawa? Ndoo za maji zirudi getini? Maswali haya yanaonyesha kwamba jambo kubwa kuliko yote kuhusu korona bado halijatuingia. Ule ulikuwa ugonjwa wa hewa, na shule zetu nyingi ziliweka ulinzi kwenye vitasa vya milango.

Tukumbushane kwa ufupi. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 13, 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, Arusha, Machi 16. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule za awali, msingi na sekondari. Uganda ikafuata ndani ya wiki hiyo hiyo. Burundi haikufunga. Tanzania iliwarudisha kidato cha sita na wanavyuo Juni 1, na wengine Juni 29. Kenya iliwaita darasa la nne na watahiniwa Oktoba 12, waliobaki wakangoja hadi Januari 4, 2021. Watoto wa Uganda ndio waliokaa nyumbani muda mrefu kuliko wenzao karibu wote duniani: shule zao zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022.

Uamuzi wa kufunga haukuwa wa kijinga. Uliazimwa kutoka kwenye mafua makali, ambayo watoto ndio wasambazaji wake wakubwa, na Machi 2020 hakuna aliyekuwa na takwimu za kutosha za korona kusema vinginevyo. Baadaye ilibainika kwamba chembehai za pua ya mtoto hukaa macho zaidi: mitambo yake ya kunusa kirusi na kupiga king’ora huwa imeshawashwa kabla adui hajaingia. Watoto waliambukizwa na kuambukiza, lakini wengi wao hawakuugua sana.

Sasa uzushi, maana ndio unaonichosha. Machi hiyo hiyo, Wakenya waliamshana usiku wa manane kwa simu wanywe strungi, eti mtoto mchanga amezaliwa akatamka kwamba chai bila maziwa ni kinga. Wengine wakafundishwa kubana pumzi sekunde kumi kama kipimo. Tangawizi na vitunguu saumu vikapanda bei. Madagaska, watahiniwa waliporudi darasani Aprili 2020, walinyweshwa kinywaji cha mitishamba chenye artemisia kilichozinduliwa na rais wao. Mwezi Mei Tanzania ikatuma ndege kukifuata. Kilikuwa kichungu kiasi kwamba waziri wa elimu wa Madagaska alipanga kutumia zaidi ya dola milioni 2 kuwanunulia wanafunzi pipi za kukilainisha, na mpango huo ukamgharimu uwaziri. Fedha hizo zingefungua madirisha mangapi?

Halafu nyungu. Najua nitaandikiwa barua, lakini hesabu ni hii. Ili joto liviue virusi vya aina hii kwenye maabara, huwekwa kwenye nyuzi 56 kwa takriban nusu saa. Pua ya binadamu ikikaa kwenye nyuzi 56 kwa muda huo, kitakachokufa kwanza ni pua. Mvuke unaoweza kuvumilika haufikii hapo, na hata ungefikia, kirusi kimejificha ndani ya chembehai zako, hakijakaa juu kikingoja kuoshwa. Mvuke hulainisha kamasi, basi. Kwa watoto una hatari yake: mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto wanaoungua kwa maji ya kujifukizia waliongezeka mara 30. Sufuria ya maji yanayochemka, blanketi na mtoto wa miaka mitano: huhitaji shahada kujua mwisho wake.

Tuje kwenye hewa yenyewe, na hapa nivumilieni, maana ndipo penye utamu. Mtu akiongea, akiimba au akikohoa hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Tone la mikroni 100, karibu unene wa unywele, likitoka mdomoni mwa mtu aliyesimama hufika chini kwa sekunde tano au sita. Hilo ndilo tone la “kaa mita moja”, lililotufanya tuchore alama sakafuni. Chembe ya mikroni 5, hewa ikiwa imetulia, huchukua karibu nusu saa kushuka kimo hicho hicho. Ya mikroni moja huchukua zaidi ya saa kumi. Na hewa ya darasa haitulii kamwe: joto la miili huipandisha, upepo huisukuma, mwalimu akipita kati ya madawati huivuruga. Kwa hiyo chembe hizo huelea na kujazana kama moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Anayekaa mbali na moto huchelewa tu kukohoa.

Elimu hii haikuwa ngeni. Mmarekani William Wells aliieleza mwaka 1934, tena aliijaribu shuleni. Yeye na mkewe, daktari Mildred Weeks Wells, walifunga taa za mionzi ya urujuanimno sehemu ya juu ya madarasa katika eneo la Philadelphia, ili hewa inayopanda iuliwe vijidudu huko huko juu. Surua ilipozuka mwaka 1941, waliougua katika madarasa yenye taa walikuwa wachache kuliko kwenye yasiyo na taa. Baadaye mwanafunzi wake, Richard Riley, alielekeza hewa ya wodi ya kifua kikuu huko Baltimore kwenye vizimba vya simbilisi. Wanyama wakaambukizwa bila kumgusa wala kumwona mgonjwa.

Mbona basi mwaka 2020 dunia nzima iliimba mikono, mikono? Kwa sababu ya tarakimu moja iliyopotea njia. Wells aliweka mpaka kati ya kinachoanguka na kinachoelea kwenye mikroni 100 hivi. Watafiti wa kifua kikuu walikuwa na swali lingine, chembe gani hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, mahali bakteria wa ugonjwa huo wanapojikita, na jibu lao lilikuwa zile zisizozidi mikroni 5. Katika miongozo ya miaka iliyofuata majibu hayo mawili yalichanganywa, 5 ikakalia kiti cha 100, na vizazi vya madaktari vikafundishwa kwamba chochote kinachozidi mikroni 5 huanguka hapo hapo. Waliolifukua kosa hilo ni kundi dogo la watafiti, akiwemo mtaalamu wa fizikia ya hewa Linsey Marr na mwanafunzi wa uzamivu Katie Randall.

Machi 28, 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika hadharani kwamba korona haisambai kwa hewa. Wakati huo kwaya ya Skagit, katika jimbo la Washington, ilikuwa imeshafanya mazoezi yake ya Machi 10: waimbaji 61, saa mbili na nusu, hakuna kukumbatiana, vitakasa mikono mlangoni. Waliougua ni 53, wawili wakafariki. Ilibidi ifike Julai ndipo Lidia Morawska na Donald Milton, wakiungwa mkono na wanasayansi 239, walichapishe ombi lao kwamba hewa itazamwe.

Ukitaka kuiona hewa hiyo kwa namba, pima hewa ukaa. Pumzi unayotoa ina takriban asilimia 4 ya gesi hiyo. Hewa ya nje ina sehemu mia nne na ushei kwa milioni. Kipimo kikisoma 1,200 darasani, maana yake karibu pumzi moja katika kila 50 unazovuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, namba itashuka ndani ya dakika chache. Fungua ya upande mmoja tu, na hewa huingia na kutoka kwa kusitasita.

Sasa litazame darasa la 2020 lililofunguliwa upya. Mlangoni ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, sabuni, mtu wa kupima joto kwenye paji la uso. Ndani, wanafunzi 80, na madirisha ya upande mmoja yamezibwa kwa mabati au kabati la vitabu. Bwenini, vitanda vya deka vimebanana na vioo vimefungwa usiku kucha kwa kuogopa mbu na baridi. Kisha akapita mtu na bomba mgongoni akipulizia klorini kuta na madawati, kazi iliyopigwa picha sana. Kufikia Aprili 2021 mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani ilikadiria kwamba kugusa kitu chenye virusi kuna uwezekano wa chini ya mmoja kwa 10,000 wa kukuambukiza. Waziri wa Elimu wa Kenya, Profesa George Magoha, alichekwa aliposema wanafunzi wasomee chini ya miti. Kwa fizikia ya hewa, hilo lilikuwa pendekezo bora kuliko mengi yaliyolipiwa. Wajerumani walishafungua shule ya msituni huko Charlottenburg mwaka 1904, kwa watoto dhaifu waliohofiwa kupata kifua kikuu.

Familia nazo zililipa upande wao. Masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni, lakini redio haijibu swali, na simu moja ya baba haigawanyiki kwa watoto watatu huku bando likiisha kabla ya somo. Walimu wa shule binafsi walikosa mishahara; huko Mwea, Kenya, shule moja iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Wasichana ndio walioumia zaidi. Utafiti uliofuatilia wanafunzi wa sekondari magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba waliokumbwa na kufungwa kwa shule walikuwa na uwezekano maradufu wa kupata ujauzito kabla ya kumaliza, na mara tatu wa kuacha masomo, wakilinganishwa na wenzao waliomaliza kabla ya janga. Tanzania iliwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni kuanzia Novemba 2021, ruhusa iliyostahili kuwepo kabla.

Ushauri, haraka haraka. Mtoto mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani. Barakoa ni kwa chumba kilichojaa wakati wa mlipuko, na ifunike pua. Haimnyimi mtoto oksijeni, gesi hupita kitambaani bila shida. Mikono iendelee kunawiwa, maana kipindupindu na kuhara vipo na sabuni huvizuia kweli. Chanjo zikamilishwe, hasa ya surua. Shule zifungwe pale tu njia nyingine zimeshindwa, kwa wiki zinazohesabika, tarehe ya kufungua ikitangazwa siku ile ile ya kufunga.

Na kamati za shule ziache kuwasikiliza wauza mashine za kupulizia. Huwa wanakuja na koti jeupe, kitambulisho kinachoning’inia na ankara iliyokwisha kuchapwa. Mpeni chai, mwacheni aende. Kisha mwiteni seremala aondoe mabati madirishani, asogeze kabati la vitabu, na aweke wavu wa mbu kwenye kila dirisha la bweni ili lilale wazi.